UZI: "Acha uchale!" Huyo Chale alikuwa nani hasa? Maisha ya Charlie Chaplin, mchekeshaji aliyekataa kubaki kibarua

#1 – Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Kwetu Tanga ukileta mzaha mahali pasipo mzaha, mtu mzima anakukata mara moja: "Acha uchale!" Bibi yangu mpaka leo akiona mtu anajiangusha kwenye televisheni ili watu wacheke, haulizi jina. Anasema tu, "Chale huyo." Nimekua nikidhani ni neno letu la tangu enzi, ndugu wa zile chale za kuchanjwa kwa wembe, au machale yanayomcheza mtu kabla ya balaa. Kumbe wapi! Chale wa bibi ni Charlie. Charlie Chaplin mwenyewe, yule mwenye kofia ya duara, fimbo na kisharubu cha vidole viwili.

Picha zake zilizunguka sana Afrika ya Mwingereza, kwenye kumbi za sinema za mijini na kwenye yale magari yaliyokuwa yakitandaza shuka jeupe uwanjani huko vijijini. Hazikuwa na maneno, kwa hiyo hakuhitajika mkalimani. Watu wakachukua jina la mtu wakaligeuza jina la kazi.

Kinachonikera ni hiki. Neno limebaki, lakini limebaki na maana ya mtu wa hovyo, asiye na msimamo, wa kuchekwa. Na huyo aliyeliacha alikuwa mmoja wa watu wagumu kuliko wote waliowahi kukaa mezani kusaini mkataba. Mimi nahariri video za harusi na wakati mwingine vichekesho vya vijana wa mtaani, kwa hiyo nimemsoma kwa jicho la kazi. Nitashusha kidogo kidogo. Anayetaka siti ya mbele akae.

#2 – Mchangiaji

Nimekaa. Shusha vitu mkuu.

#3 – Mchangiaji

Sasa nimeelewa kwa nini mzee wangu alikuwa ananiita chale kila nikirudi na ripoti ya shule 😂

#4 – Mleta uzi

Haya, tuanze na njaa, maana kila alichochekeshea kilitoka huko.

Alizaliwa London tarehe 16 Aprili 1889. Baba na mama wote walikuwa waimbaji wa kumbi za burudani, zile ambazo watu wanakunywa na kupiga kelele huku wewe uko jukwaani. Baba alikuwa mlevi, akaondoka mtoto akiwa bado mdogo kabisa. Mama, Hannah, akabaki na Charlie na kaka yake wa mama mmoja, Sydney, aliyemzidi miaka 4.

Mara yake ya kwanza jukwaani alikuwa na miaka 5, mji wa Aldershot, kwenye ukumbi uliojaa askari. Mama alikuwa anaimba, sauti ikamkatika. Askari wakaanza kuzomea. Msimamizi wa ukumbi akamsukuma mtoto mbele aimbe badala ya mama yake. Mwenyewe alisimulia uzeeni kwamba alipoimba nusu, watu wakaanza kurusha sarafu, naye akasimamisha wimbo na kuwatangazia kwamba anaokota hela kwanza, kuimba baadaye. Ukumbi ukaangua kicheko. Msimamizi alipokuja na leso kumsaidia kuokota, mtoto akamfuata nyuma hatua kwa hatua akihofia jamaa atakimbia nazo. Watu wakacheka zaidi.

Hebu irudieni hiyo picha. Mama anaishiwa sauti nyuma ya pazia, mtoto anachekesha mbele, na jicho lake liko kwenye hela. Nikisema Chaplin mzima yumo humo sitakuwa nimetia chumvi.

Sauti ya Hannah haikurudi. Mwaka 1896, Charlie akiwa na miaka 7, yeye, Sydney na mama yao wakaingia kwenye nyumba ya maskini pale Lambeth. Hiyo haikuwa hisani ya kupewa chakula ukarudi kwako. Unavua nguo zako unapewa sare, mama anatengwa huku, watoto huku. Kisha watoto wakapelekwa Hanwell, shule ya watoto fukara nje ya jiji, ambako ukikutwa na mapunye kichwani ulinyolewa kipara na kupakwa dawa inayoonekana toka mbali. Baadaye mama alipatwa na ugonjwa wa akili, akawa anaingia na kutoka hospitalini. Mwaka 1903, Charlie akiwa na miaka 14, ndiye aliyemshika mkono mama yake na kumtembeza mpaka kwa daktari, halafu akarudi kwenye chumba kitupu. Sydney alikuwa baharini. Baba alishakufa mwaka 1901 kwa pombe, hakufika hata miaka 40.

Naenda kumalizia kazi ya mtu, ndoa ni kesho. Nitarudi.

#5 – Mchangiaji

Hawa waleta uzi wa "nitarudi" tunawajua. Tukutane mwakani.

#6 – Mchangiaji

Dah, hiyo ya kumpeleka mama mwenyewe imenikaa vibaya. Mimi nilikuwa namjua kwa kuteleza na ganda la ndizi tu.

#7 – Mleta uzi

Nimerudi, msinichome.

Kazi alianza utotoni, kwenye kundi la watoto wacheza dansi ya viatu vya mbao, wakizunguka kumbi za Uingereza. Baadaye akapata sehemu kwenye tamthilia ya Sherlock Holmes kama kijana wa kutumwa. Kusoma kulikuwa kunampa taabu, hivyo Sydney akawa anamsomea maneno naye anayameza kichwani. Sydney huyo huyo ndiye aliyemwingiza mwaka 1908 kwenye kampuni ya Fred Karno, bwana mkubwa wa vichekesho vya jukwaani. Kwa Karno hukuongea sana. Mwili ndio ulioongea, na mchezo ulirudiwa mpaka teke lifike kwenye pigo lake kama ngoma. Chaplin akapata sifa kwa kuigiza mlevi. Mlevi wake hakuwa anayumba ovyo ovyo. Alikuwa mtu aliyelewa anayejitahidi kuonekana hajalewa. Waliokaa na mlevi nyumbani wanajua tofauti.

Mwaka 1910 Karno aliwapakia melini kwenda Marekani. Kwenye kundi hilo alikuwemo kijana mwingine ambaye baadaye alikuja kujulikana kama Stan Laurel, yule mwembamba wa Laurel na Hardy. Safari ya pili, mwishoni mwa 1913, Chaplin akachukuliwa na kampuni ya sinema ya Keystone huko California kwa dola 150 kwa wiki.

Hapo ndipo nguo zilipozaliwa, mapema 1914. Aliambiwa avae chochote cha kuchekesha. Akachagua vitu vinavyogombana: suruali pana na koti la kubana, kofia ndogo na viatu vikubwa. Kisharubu alibandika kwa sababu alionekana mtoto mno, na akakifanya kidogo ili kisifiche uso. Angalieni vizuri hizo nguo. Ni nguo za bwana mkubwa zilizomfikia mtu asiye na kitu. Yule jamaa ni maskini, lakini haombi kuhurumiwa kama maskini. Analala nje na asubuhi anavua glavu zake zilizotoboka kidole baada ya kidole kama anatoka kwenye karamu. Kofia anamvulia kila mtu, hata askari anayemfukuza. Ukimwondolea heshima hizo za bure kabisa, mchezo umekufa, anabaki mtu anayeanguka.

Vijana ninaowahariria hawanielewi hapa. Wanavaa matambara, wanajipaka unga usoni, wanaanguka, wanauliza mbona watu hawacheki.

Mwaka huo wa 1914 peke yake alitokea kwenye picha 36. Ndani ya miezi michache alikuwa amewabana Keystone wamruhusu aongoze mwenyewe.

#8 – Mchangiaji

Picha 36 mwaka mmoja?? Bongo Movie wamepata mwalimu wao.

#9 – Mleta uzi

Mkuu #8, subiri kwanza, maana mwisho wake ni kinyume. Miaka ya mbele huyo huyo alikuja kutoa picha moja kwa miaka mitano.

Sasa tuje kwenye hela, sehemu ninayoipenda mimi.

1914, Keystone, dola 150 kwa wiki. Mwaka uliofuata, Essanay, dola 1,250 kwa wiki na dola 10,000 za kusaini. Mwaka 1916, Mutual, dola 10,000 kwa wiki na 150,000 za kusaini, jumla dola 670,000 kwa mwaka. Alikuwa na miaka 26. Magazeti yalishindwa kuamini kwamba mtu analipwa hivyo kwa kupigwa teke. Mwaka 1917 First National wakampa dola milioni 1 kwa picha 8. Nyuma ya mikataba hiyo mingi alikaa Sydney, kaka yake, ambaye alikuja Marekani na kuwa meneja. Ukiwa na ndugu aliyekula nawe sahani moja ya taasisi ya maskini, huyo haogopi kutaja bei.

Lakini mishahara si habari. Wangapi wamelipwa vizuri wakafa hawana kitu? Habari ni alichokifanya nayo. Mwaka 1918 alifungua studio yake mwenyewe kwenye barabara ya La Brea, Hollywood. Mwaka 1919, makampuni makubwa yalipoanza kunong'ona kuungana ili kuwabana waigizaji malipo, yeye, Mary Pickford, Douglas Fairbanks na mwongozaji D. W. Griffith wakaanzisha kampuni yao ya kusambaza picha, United Artists. Kutoka hapo aliandika, akaongoza, akaigiza, akahariri, akatoa mtaji wake mwenyewe, na baadaye hata muziki akatunga. Noti hakuzijua. Alikuwa akiimba wimbo kwa mdomo na wataalamu wanaandika. Ule wimbo wa Smile ambao kila bendi ya hoteli inaupiga ni wake, kutoka picha yake ya Modern Times ya 1936. Maneno aliwekewa na watu wengine mwaka 1954.

Kwa hiyo jamaa aliyeigiza mtu asiye na hata kiberiti alikuwa na studio, kamera, ghala, hakimiliki, na mpigapicha wake yule yule, Roland Totheroh, miaka nenda rudi. Edna Purviance, stelingi wa kike wa picha zake za mwanzo, aliendelea kuandikwa kwenye orodha ya mishahara mpaka alipofariki mwaka 1958, wakati kuigiza alishaacha zamani.

#10 – Mchangiaji (Mombasa)

Ndugu mleta uzi, hapa umenigusa. Huku Kenya tulimpenda mzee Ojwang', marehemu Benson Wanjau wa Vitimbi, miaka na miaka. Mwishoni macho yakamsumbua, na ilibidi wananchi tuchangishane apate kutibiwa. Akatutoka Julai 2015. Mtu aliyechekesha nchi nzima! Huyo Chaplin wako angesemaje?

#11 – Mchangiaji

Na sisi King Majuto, Agosti 2018. Mungu amrehemu mzee wetu. Mimi nilikuwa nadhani ana maghorofa, kwa jinsi sura yake ilivyokuwa kila mahali.

#12 – Mleta uzi

Ndugu yangu wa Mombasa, na #11, ndio maana nikaanza na hela. Sitawasemea marehemu, sijui mikataba yao ilikuwa na nini ndani. Ila kazini kwangu naona. Kijana anachekesha, kipande kinaangaliwa na watu laki tano, anakuja kuniuliza kama namdai. Ukimwuliza nani ana haki ya ile video, anacheka, anadhani nataniana naye. Chaplin angemwuliza swali hilo kabla ya salamu.

Sasa utengenezaji. Naomba nikae hapa kidogo.

The Kid, 1921. Maskini wetu anaokota mtoto mchanga kwenye jalala na kumlea. Picha hii aliianza mwaka 1919, wiki chache baada ya mtoto wake wa kwanza wa kiume kufariki akiwa na siku 3 tu duniani. Mtoto aliyemchukua kuigiza, Jackie Coogan, alikuwa wa miaka kama 4 au 5. Kwenye picha kuna mahali maofisa wanakuja kumchukua mtoto wampeleke kituo cha mayatima, mtoto anapiga kelele nyuma ya lori mikono ameinyoosha, na baba wa kuokota anakimbia juu ya mapaa ya nyumba. Rudini #4 msome tena Lambeth na Hanwell, mtajua lile lori alilitoa wapi. Na alipokuwa anaihariri, mkewe wa kwanza alikuwa mahakamani akidai talaka, mali ikawa hatarini kushikwa. Chaplin na watu wake wakaficha mikanda ndani ya makopo ya kahawa, wakaivusha mpaka Salt Lake City, wakaihariria kwenye chumba cha hoteli. Mimi umeme ukikatika saa moja naomba radhi kwa wateja.

The Gold Rush, 1925. Wachimba dhahabu wawili wamefungiwa na theluji, hawana chakula, wanachemsha kiatu. Chaplin anakipakua kwenye sahani, anakimwagia supu yake, kamba anaizungusha kwenye uma kama tambi, misumari anaifyonza kama mifupa ya kuku. Kile kiatu kilitengenezwa kwa likorisi (liquorice), ile pipi nyeusi yenye dawa ya kulegeza tumbo. Walipiga sehemu hiyo siku 3, wakairudia mara 63. Mwenzake Mack Swain na yeye mwenyewe, tumbo zote mbili zililipa.

Na City Lights, 1931, hapo ndipo alipotaka kuwa kichaa. Sinema za maneno zilishaingia tangu 1927, kila mtu anazungumza, yeye akasema mtu wake haongei. Akiongea atakuwa Mwingereza, au Mmarekani, atakuwa wa mahali fulani. Asipoongea ni wa kila mahali. (Bibi yangu wa Tanga ni ushahidi.) Hadithi: msichana kipofu anauza maua, anamdhania maskini wetu kuwa tajiri. Tatizo la kiufundi likawa hili: kipofu atamdhaniaje tajiri, kwenye picha isiyo na sauti? Miezi ikapita. Wafanyakazi wanalipwa, seti zimesimama, mwenye mali anatembea huku na huko. Yule msichana, Virginia Cherrill, hakuwa mwigizaji wa kazi. Chaplin akamfukuza, akajaribu mwingine, akamrudisha, naye Cherrill akarudi kwa kudai mshahara mara mbili. Sehemu ile fupi ya kuuziana ua ilirudiwa mara 342, kwa rekodi zilizopo. Jibu likaja jepesi kuliko yote: maskini anakatiza kwenye gari lililosimama foleni ili kumkwepa askari, anaingia mlango wa huku anatokea wa kule, anaufunga kwa kishindo. Msichana anasikia mlango wa gari. Kwake, mtu aliyeshuka kwenye gari ni bwana. Sisi hatusikii kitu, lakini tunamwona akisikia.

Mara 342, kwa mlango wa gari.

#13 – Mchangiaji

Nimeiangalia sasa hivi baada ya kusoma. Mwisho ule pale anaposhikwa mkono… naomba msiniulize kwa nini macho yamekuwa mekundu, nipo kwenye daladala.

#14 – Mchangiaji

Mleta uzi unatupamba mtu tu. Mbona husemi alikuwa anaoa watoto? Dada zangu humu wanasoma pia. Sema yote.

#15 – Mleta uzi

Dada, una haki, nilikuwa nafika huko na sitapitia uchochoroni.

Mke wa kwanza, Mildred Harris, alikuwa na miaka 16 walipooana mwaka 1918, yeye 29. Mke wa pili, Lita Grey, naye miaka 16, ndoa ya haraka huko Mexico mwaka 1924 kwa sababu binti alishakuwa mjamzito. Bwana alikuwa na 35. Ndoa hiyo iliishia 1927 kwa talaka iliyomgharimu zaidi ya dola 600,000 na mifuko ya fedha kwa watoto wawili. Hati ya madai ya Lita ilichapwa na kuuzwa mitaani kama gazeti. Mtu aliyejua thamani ya utoto ulioibiwa kuliko wengi, hakujali alipokuwa anachukua wa wengine. Sina utetezi, na wanaomtetea kwamba "ndio zilikuwa zama" wasome jinsi watu wa zama hizo hizo walivyomsema.

Wa tatu alikuwa Paulette Goddard, mtu mzima mwenye akili zake, wakaachana bila vurugu. Wa nne Oona O'Neill, 1943, binti miaka 18, bwana 54. Huyu walikaa mpaka kifo, watoto 8.

Hata yule mtoto Jackie Coogan, wa The Kid, ana kisa. Alivuna mamilioni utotoni, na alipokuwa mtu mzima akakuta mama na baba wa kambo wameshakula karibu zote. Alipowashitaki akaambulia kama dola 126,000. Kesi hiyo ndiyo iliyosababisha California kutunga sheria mwaka 1939 ya kulinda kipato cha watoto waigizaji. Wenye watoto mnaowarekodi kila siku kwenye simu, someni hapo mara mbili.

#16 – Mchangiaji

Heshima kwako kwa kulisema wazi. Endelea. Ya Hitler ni kweli?

#17 – Mleta uzi

Ni kweli walipishana siku 4 tu kuzaliwa. Chaplin 16 Aprili 1889, Hitler 20 Aprili 1889. Na kisharubu ni kile kile. Ukishakuwa na uso huo, utafanya nini? Akatoa mfuko wake akatengeneza The Great Dictator. Kamera zilianza Septemba 1939, mwezi ule ule vita ilipoanza, ikatoka Oktoba 1940, wakati Marekani bado haijaingia vitani na wenye mabiashara wengi hawakutaka kumkera Mjerumani. Ile ndiyo picha yake ya kwanza kuongea sawasawa, na alimpa maneno kinyozi wa Kiyahudi anayefanana na dikteta. Kuna dakika dikteta anacheza na puto la dunia, analirusha kwa kisigino, kwa makalio, mpaka linampasukia mkononi. Hotuba ya mwisho wengine wanaiona ndefu. Mimi pia huwa naisogeza mbele, msinipige.

Baada ya vita mambo yakageuka. Marekani iliingia homa ya kuwinda wakomunisti, na yeye alikuwa na mambo matatu ya kumponza: alisema anachofikiri, hakuwahi kuchukua uraia wa Marekani, na alikuwa na kashfa. Mwaka 1943 mwigizaji Joan Barry alimshitaki kuwa ni baba wa mtoto wake. Kipimo cha damu kilionyesha si baba. Mahakama za California wakati huo hazikulazimika kukifuata, baraza la wazee likasema ni baba, akalipa matunzo. FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, waliweka faili lake likafika zaidi ya kurasa 1,900.

Septemba 1952 alipanda meli na familia kwenda London kuzindua picha yake ya Limelight. Wako majini, Mwanasheria Mkuu wa Marekani akafuta kibali chake cha kurudi. Akitaka kuingia, ahojiwe kwanza siasa zake na maadili yake. Mwaka 1917 kwenye picha yake ya The Immigrant alimpiga teke ofisa wa uhamiaji. Teke lilichukua miaka 35 kurudi.

Hakwenda kujieleza. Oona ndiye aliyeruka kurudi Hollywood kukusanya mali, wakahamia Uswisi mwanzoni mwa 1953, nyumba kubwa yenye shamba juu ya mji wa Vevey, Ziwa Geneva likionekana chini. Picha alizotengeneza baada ya hapo, nisiwafiche, si zile. Mti ulihamishwa ukiwa mkubwa mno.

#18 – Mchangiaji

Ina maana hakurudi tena Marekani?

#19 – Mleta uzi

Mara moja, 1972, miaka 20 baadaye, kupokea Oscar ya heshima. Alikuwa na miaka karibu 83, mwili umenenepa, kuongea kwa shida. Ukumbi ukasimama na kupiga makofi kama dakika 12. Mwaka uliofuata akapata nyingine, ya muziki wa Limelight, picha ya 1952, kwa kuwa Los Angeles haikuonyeshwa rasmi mpaka 1972. Mwaka 1975 Malkia Elizabeth akamfanya Sir. Alifika kwa kiti cha magurudumu. Nyumba ile ya maskini ya Lambeth haiko mbali na majumba ya Mfalme, ni kuvuka mto tu, ila yeye ilimchukua miaka 79.

Alifariki usingizini asubuhi ya Krismasi, 1977, na miaka 88.

#20 – Mchangiaji

Apumzike.

#21 – Mleta uzi

Apumzike? Thubutu! Machi 1978 makanika wawili wahamiaji, mmoja wa Poland na mmoja wa Bulgaria, walifukua kaburi usiku wakaondoka na jeneza. Wakapiga simu wanataka pauni 400,000. Oona akakataa, akasema Charlie mwenyewe angeliona jambo la kipuuzi. Polisi wakaweka macho kwenye vibanda vya simu kama 200 vya eneo lile mpaka wakawanasa. Jeneza lilikutwa limezikwa kwenye shamba la mahindi. Wakamrudisha kaburini, safari hii wakamimina zege juu.

Marehemu wa miezi 2 anatekwa nyara, na bado familia haikutoa hata senti. Mpaka huko mkataba wake mbaya hakuusaini.

#22 – Mchangiaji

Hahahaha jamani! Mleta uzi, swali la mwisho: bibi umemwambia kwamba Chale ni huyu?

#23 – Mleta uzi

Nilikwenda Tanga mwezi uliopita. Nikamwekea kwenye simu ile ya kula kiatu, nikamshikia mbele ya macho. Hakucheka hata kidogo. Akaangalia kama mtu anayesubiri chungu kiive. Ilipofika pale yule mnene anapobadilisha sahani, anajichukulia ngozi laini ya juu na kumwachia Chale soli yenye misumari, bibi akanishika mkono.

"Mkubwa kala nyama, mdogo kaachiwa mifupa," akasema. "Hebu rudisha nyuma."

Nikarudisha. Akaniambia nirudishe tena. Mara ya nne bando likakata.